Bwana Taratibu Hapiti Mtu

Ungezunguka mji mzima usimpate dereva mcheshi kuliko Bwana Taratibu, na kazi yake ilikuwa kuendesha gari la maiti. Kila siku ya kazi alivaa suti nyeusi, akaketi wima nyuma ya usukani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, akawapeleka watu mahali ambapo hakuna anayekimbilia kwenda. Abiria wake hawakulalamika, alisema mwenyewe, wala hakutokea hata mmoja aliyemgongea kiti na kumwambia, "Ongeza mwendo, dereva, tumechelewa." Jina la Taratibu alibandikwa na wenzake wa magari ya wagonjwa, waliokuwa wakimpita kwa ving'ora na kumwacha akijikokota katika msururu uliowasha taa mchana kweupe. Hakukasirika. Hata mkewe alimwita hivyohivyo, tena mbele ya wageni.

Mtaani walimpenda, ila kwa mbali kidogo. Akiegesha gari la kazi mbele ya duka, mwenye duka hutoka mbio akamwomba kwa adabu zote asogee hadi mbele ya duka la jirani. "Usiwe na wasiwasi," humjibu, "leo sikuja kikazi." Kisha hucheka peke yake, maana mwenzake hajui kama acheke au akimbie.

Sasa, mtu anayetembea mwendo wa kobe wiki nzima lazima apate pa kuzimwaga haraka zake, la sivyo zitamwozea kifuani. Bwana Taratibu alizimwagia kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala la vigae lililofungwa, ambako kila Jumamosi watu wazima wenye akili zao na familia zao walikusanyika kukimbiza vijigari vya rimoti. Kila kijigari kilikuwa na ukubwa wa paka aliyejinyoosha. Kona zilipangwa kwa matairi chakavu, na madereva walisimama juu ya jukwaa la mbao, wameshika rimoti, ndimi zimetoka nje kidogo bila wao kujua.

Mchezo huo aliuanza na bintiye. Alimnunulia kijigari cha kuchezea mtoto alipokuwa anaanza shule, na kabla wiki haijaisha walikuwa wamekifungua wote wawili, skrubu zimetapakaa jikoni, mama mtu anaruka asikanyage. Toka hapo hawakurudi nyuma. Binti alikua na bisibisi mkononi, akasomea umeme, akawa fundi wa lifti. Mama yake alikuwa na msemo wake kuhusu jambo hilo: "Nyumba hii baba anashusha watu, mtoto anapandisha. Mimi tu ndiye niko ardhini."

Katika miaka yote hiyo baba na binti hawakuwahi kushinda, hata kwa bahati mbaya. Na sasa kampuni ilikuwa imempa binti kituo kipya, mji wa mbali wenye maghorofa mengi na lifti zenye kiburi. Angeondoka Jumatatu. Ilikuwa imebaki Jumamosi moja, nayo ilikuwa ya mashindano ya kufunga msimu. Bwana Taratibu hakuwa mtu wa kuomba makubwa, lakini hili alilitaka kama mtoto anavyotaka: washinde mara moja tu, wakiwa pamoja, kabla basi halijamchukua.

Na alijua tatizo ni nini, au alidhani anajua. Tatizo ni nguvu. Gari lake linabaki nyuma, kwa hiyo halina nguvu, kwa hiyo liongezewe betri. Akaliongezea. Likabaki nyuma. Akaliongezea tena. Mwisho lilikuwa na mota kali kuliko zote uwanjani na betri nzito kuliko zote, na bado lilimaliza likinusa moshi wa wenzake, na huo moshi wenyewe aghalabu ulikuwa wake.

Uwanjani walikuwa na desturi yao, waliyoiita hotuba ya kidole. Mbio zikiisha, kila dereva hufunua gari lake, akaweka kidole juu ya mota na kuanza kusema anachotaka kusema. Mota ikikiunguza kidole, hotuba imekwisha. Ilikuwa mzaha, lakini mzaha wenye maana, kwa sababu mota iliyooana na betri yake hutoka na joto la kuvumilika, na iliyoozwa kwa betri isiyo saizi yake hutoka kama pasi. Kinyozi, bingwa wao wa misimu kadhaa, alikuwa akitoa shukrani, salamu na kamzaha kamoja. Bwana Taratibu hotuba yake ilijulikana kwa kichwa: "Ndugu z— aaah!"

Wiki ile ya mwisho binti alifika nyumbani kwa wazazi akiwa bado na ovaroli ya kazini. Alimkuta baba yake mezani jikoni amekaa na gari lililofunuliwa, na hewa ina harufu ya plastiki iliyoungua. Betri ilikuwa imetuna kama unga uliotiwa hamira.

"Imevimba tena, Baba?"

"Haijavimba. Imeshiba."

"Betri ikiwa hivyo haijashiba, inaumwa. Itoe nje, uiweke kwenye ndoo ya mchanga kabla Mama hajaiona."

"Nimeshaiona," alisema mama kutoka kwenye sinki. "Na nimeshainusa. Napika nini mimi humu ndani, chakula au waya?"

Betri ikatolewa nje kwa heshima zote. Bwana Taratibu aliijua kazi hiyo. Aliporudi, binti alikuwa ameivua mota na kuigeuzageuza mkononi.

"Baba, naomba unisikilize mpaka mwisho, usinikatize."

"Lini nimewahi kukukati—"

"Umeanza. Sikiliza. Mota hii ni ya haraka. Kila volti unayoipa, inazunguka mara nyingi mno. Ndivyo ilivyofumwa, haina subira. Halafu wewe unaipa betri ya seli tatu. Ni kama kumnywesha kahawa mtu ambaye tayari hashikiki."

"Kinyozi anatumia seli tatu."

"Kinyozi ana mota ya polepole. Waya wake una mizunguko mingi, volti moja haiipi wazimu. Seli tatu zinaifaa. Wewe umekwenda kuposa betri ya Kinyozi ukaiozesha kwa mota isiyokuwa yake. Ndoa gani hiyo?"

"Ndoa nyingi ziko hivyo," alisema mama bila kugeuka, "na zinakwenda."

"Zinakwenda, Mama, lakini zinatoa moshi."

Mama akacheka hadi akaacha sahani. Bwana Taratibu hakucheka. Alikuwa ameshahisi kinachokuja.

"Unataka niweke seli mbili," alisema kwa sauti ya mtu anayeambiwa auze nyumba.

"Mbili."

"Mwanangu, nitaonekana na betri ya watoto siku ya kufunga msimu!"

"Utaonekana unamaliza mbio."

Akamkalisha chini na kumwonyesha. Alikuwa amekuja na betri mbili za seli mbilimbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, na baba mtu akainyakua mara moja, lakini binti aliirudisha mfukoni: ilikuwa na akiba nyingi, ila ilitoa umeme kwa shida, kama bomba lenye kutu, na mota ya haraka ingeichosha kwa pumzi moja. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyepesi, na ilimwaga umeme bila kusitasita. Kisha akabadilisha gia ndogo iliyo kwenye ncha ya mota, akaweka yenye meno machache, ili mota izunguke kwa raha yake badala ya kuvuta gari kama mtu anayesukuma kabati. Alifanya kazi akiimba puani, wimbo usio na maneno, ule ule aliokuwa akiuimba tangu meza ile ikimfika kidevuni. Bwana Taratibu alimtazama, kisha akajifanya anatafuta skrubu chini ya meza.

Kesho yake wakalipeleka gari uwanjani, hakuna mtu. Bwana Taratibu akabonyeza rimoti kwa mashaka. Gari likaondoka. Halikuguna wala halikutetemeka. Liliondoka tu, likakata kona ya kwanza, likafika ukuta wa ghala kabla hajafunga mdomo. Alipiga kelele mpaka mlinzi wa jirani akachungulia juu ya ukuta. Alilizungusha, akalizungusha tena, akalikimbiza mpaka betri ikaomba radhi. Kisha wakalifunua, na Bwana Taratibu akaweka kidole juu ya mota. Ilikuwa ya vuguvugu.

"Ndugu zangu," akaanza, akangoja maumivu. Hayakuja. "Ndugu zangu, habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na wazee je?"

Wakacheka baba na binti hadi wakakaa chini kwenye saruji, suti nyeusi na ovaroli, vumbi tupu. Walipopima mwendo, hapakuwa na gari pale uwanjani lililowahi kukimbia hivyo, hata la Kinyozi.

Jumamosi ikafika. Mama naye alikuja, jambo alilokuwa amelikwepa kwa miaka, akakaa kwenye kreti na mwavuli wake. Katika raundi ya kwanza yalikimbia magari sita, na manne ya mbele ndiyo yangeingia fainali. Bwana Taratibu alipanda jukwaani na tabasamu la mtu anayejua siri.

Akamaliza wa nne.

Ndiyo, aliingia fainali, lakini wa nne, na kwa mbali. Akashuka jukwaani uso umemshuka pia. Wakalifunua gari. Binti akaweka kidole juu ya mota, akakunja uso. Akakiondoa, akakirudisha.

"Imepoa," alisema.

"Sasa si vizuri?"

"Imepoa mno, Baba. Haijafanya kazi." Alimtazama baba yake kama anavyoitazama lifti inayosema ni nzima na haipandi. "Wewe gari hukulikimbiza. Ulikuwa unalisindikiza."

"Unasema nini?"

"Nilikuwa nakuangalia. Gari la mbele likiongeza mwendo, unaongeza. Likipunguza, unapunguza. Umbali uleule, kona zote. Hujapita mtu hata mmoja."

"Sikupata nafasi."

"Gari la muuza rangi lilibinuka, Baba, magurudumu juu. Ulisimama nyuma yake mpaka wakaligeuza."

"Ningempitaje mtu aliyepata ajali?" Bwana Taratibu alisema, na alikuwa amekasirika kweli. "Ungekuwa utu huo?"

Mama, kwenye kreti lake, akafunga mwavuli. "Mimi ningekuambia zamani, ila hukuniuliza. Hata sokoni hunipiti. Unanifuata nyuma umbali uleule, watu wanadhani nimekufa na najipeleka kaburini mwenyewe."

Bwana Taratibu akaketi juu ya tairi mojawapo. Kwa kazi yake, kulipita gari la mbele ni kosa lisilosameheka; msururu wa mazishi hauna anayepita, na dereva anayesahau hilo hupewa barua ya kuachishwa kazi siku hiyohiyo. Mguu wake ulikuwa umejifunza umbali mmoja tu maishani, na kidole kikauchukua umbali huohuo mpaka kwenye mchezo. Ndiyo maana zile mota za zamani ziliungua: nguvu za kuruka ukuta, na mwenyewe anazivuta hatamu kila hatua, tia, acha, tia, acha, nyuma ya mtu ambaye hakuwahi kumpita. Betri zote zile alizoziongeza zilikuwa zinamsindikiza Kinyozi. Alipolielewa hilo alijihisi mjinga kutoka utosini hadi unyayoni, kisha, kwa kuwa ni yeye, akaanza kucheka.

"Nimekuwa nikimzika Kinyozi kila Jumamosi," alisema.

"Na bado hajafa," binti akasema. "Twende tukampite."

Kusema ni rahisi. Fainali ilipoanza, kidole kilirudi kwenye mazoea yake kama ng'ombe anayejua zizi. Kinyozi mbele, muuza rangi wa pili, dereva mmoja wa lori la takataka wa tatu, na nyuma yao, kwa umbali wa heshima, gari la Bwana Taratibu, safi, zuri, lenye mota na betri zilizopendana, likitembea kama linaelekea kaburini. Jasho lilimtoka. Alijiambia bonyeza, na kidole kikasema subiri familia ipite kwanza. Mizunguko ilikuwa inakatika. Alichokiona mbele yake si magari tena, ni basi la Jumatatu.

Hapo ndipo bintiye alipopanda kwenye ngazi ya jukwaa, akaweka mikono mdomoni na kupiga kelele iliyosikika hadi barabarani:

"Pita, Baba! Hao wote wazima!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, huku macho yakiwa kwenye gari lake. "Wazima kabisa, Mzee!" akaitikia. "Pita tu kama unaweza!"

Bwana Taratibu akacheka mpaka mabega yakatikisika, na katika kutikisika huko kidole kikabonyeza.

"Samahani," alisema kwa sauti, na akalipita gari la dereva wa takataka kwenye sehemu iliyonyooka. "Samahani, bwana," na akampita muuza rangi kwa ndani ya kona, karibu kugusa tairi. Watu walikuwa wamesimama. Mama alikuwa amesimama juu ya kreti na kusahau kwamba magoti yanamuuma. Kinyozi akaacha kucheka na kuanza kukaza, akaziba njia kulia, akaziba kushoto, kwa maana bingwa hatoi ubingwa kwa kuombwa radhi. Wakaenda hivyo bega kwa bega, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka betri nzito ya Kinyozi ikaanza kuchoka kwa kulibeba gari lake. Ile nyembamba ya binti ilikuwa bado inamwaga umeme kama mwanzo. Kwenye kona ya mwisho Bwana Taratibu alibonyeza mpaka mwisho wa kitufe, mahali ambapo kidole chake hakikuwahi kufika akiwa na mtu mbele.

Hakusema samahani. Alisema "Yeleleee!" na akapita.

Kilichofuata hakiwezi kusimuliwa kwa utaratibu, maana hakikuwa na utaratibu. Muuza rangi, ambaye ndiye pia mwenyekiti wao, alitangaza mshindi mara tatu na hakuna aliyesikia. Kinyozi alishuka akampa Bwana Taratibu mkono, akaushika sana, hakujipangusa kama wafanyavyo wengine wakigusa mkono wa dereva wa maiti, akamwambia, "Sasa nitakunyoa bure, lakini nitakunyoa taratibu." Binti alimrukia baba yake shingoni kama mtoto mdogo, si fundi mwenye ovaroli.

Kisha wakataka hotuba. Gari likafunuliwa, na Bwana Taratibu akaweka kidole juu ya mota. Ilikuwa na joto, joto la kikombe unachokishika kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, na wote wakangoja ile "aaah". Haikuja. Akawashukuru. Akamshukuru mkewe kwa meza ya jikoni. Akamwomba radhi Kinyozi kwa mazishi yote yale, na Kinyozi akamsamehe.

"Kidole, Mzee!" mtu akapiga kelele.

"Kidole kipo," alisema, "na maneno yapo." Akamwonyesha bintiye kwa mkono mwingine. "Huyu binti yangu anaondoka Jumatatu. Mimi nimewapeleka watu wa mji huu karibu wote waliotakiwa kupelekwa, na sijawahi kutoa chozi nikiwa kwenye usukani, kazi hairuhusu. Lakini huyu sijui nitamfikishaje kituoni. Nilitaka tushinde naye, tumeshinda, na sasa naona ningefurahi kama tungeshindwa tena, ili abaki ajaribu msimu mwingine. Basi. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniunguza. Mota ni nzima."

Hakuna aliyecheka. Dereva wa takataka alijipangusa jicho kwa mkono wenye grisi, akabaki na doa. Bwana Taratibu mwenyewe alilia waziwazi, suti na yote, na kidole hakukiondoa.

Watu walipoanza kukunja jamvi, binti alipiga magoti kando ya gari, akachukua bisibisi, akachomoa betri. Akaipapasa kuona kama imevimba. Haikuwa imevimba. Akaitia kwenye mfuko wa ovaroli yake na kufunga zipu.

"Unaipeleka wapi?" baba mtu akauliza.

"Naondoka nayo."

"Na gari litakimbia na nini?"

"Halitakimbia. Mota ibaki kwako, betri kwangu. Atakayetaka kukimbia amfuate mwenzake."

Bwana Taratibu aliangalia gari lililo wazi, aliangalia ile zipu.

"Betri zinauzwa dukani, mwanangu," alisema polepole.

"Zinauzwa," binti akajibu, akimwinulia baba yake nyusi. "Jaribu kuweka nyingine nikusikie."

Mama alikuwa tayari anawaita kutoka getini, mwavuli mkononi, akiuliza kama wanataka afunge safari peke yake. Bwana Taratibu akaifungua mota kwenye gari, skrubu kwa skrubu, akaitia kwenye mfuko wa koti jeusi, upande wa ndani. Ilikuwa bado ina joto, na aliisikia hivyo njia nzima hadi nyumbani.